Tairi la Deo

Jumamosi moja, kabla mambo hayajaharibika, kaka yangu Deo alikuwa amelala chali chini ya pikapu yake, miguu tu ikionekana, nami nimekaa pembeni nachambua maharage. Hapo ni kwetu, Nyakisasa, kijiji cha mpakani. Gari lilikuwa kuukuu hata wakati ule. Deo alilinunua kwa jasho la kahawa, likiwa limeshapita mikononi mwa watu wengi, na kila fundi aliyelifungua alikuwa amepunguza kitu. Kule chini linakobebwa tairi la spea, mnyororo ulikuwa umekatika na vyuma vya kushikilia vimelika kwa kutu.

"Konso," aliniita kutoka huko chini, "siku ukiniona nanunua gari tena, nifunge kamba."

Deo alipenda kueleza hata asipoulizwa. Tairi, alisema, linalazwa chini ya gari, kipande cha chuma kilicho mwishoni mwa mnyororo kinapitishwa kwenye tundu la rimu, kisha mnyororo unavutwa juu mpaka tairi ligande kwenye chesesi. Baada ya hapo unalishika kwa mikono miwili na kulitikisa. Likicheza hata kidogo, hujafunga. Aliahidi kulipeleka gari Biharamulo mjini wamchomelee vyuma vipya. Kwa kungojea siku hiyo, tairi likakaa nyuma kwenye bodi, na abiria wakalifanya kiti.

Ng'ambo ya mpaka walikuwa wakipigana tangu zamani. Milio tulishaizoea, kama mtu anavyozoea mbwa wa jirani. Kisha ikasogea. Watu wakaanza kuvuka bonde na magodoro kichwani, na kwetu wakalala hadi jikoni. Mama aliwapikia wote, wala hakuuliza nani alikuwa wa upande gani. Mimi niliuliza, akaniambia nikachote maji.

Asubuhi moja mama alishuka shamba la bondeni kuchuma majani ya maharage. Risasi ikavuka mto wa mpaka.

Ilimpata nyongani.

Nilipomfikia alikuwa amekaa chini, anaokota majani yaliyomwagika.

Hospitali ya karibu ilikuwa imejaa majeruhi hadi barazani, tukaambiwa tumkimbize Biharamulo. Mama ilibidi alale kwenye godoro, na palikuwa na wageni wawili waliojeruhiwa ambao nao ilibidi walale. Tairi lilikuwa likichukua nafasi ya mtu mzima. Ndipo alipojitokeza Sebastiani, jirani yetu. Nyakisasa nzima hapakuwa na mtu wa kufunga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli kama yeye. Alitumia mipira mirefu aliyoichana kutoka kwenye tyubu za zamani, na mzigo wake haukuwahi kulegea. Akalishusha tairi, akaingia nalo chini ya gari, akazungusha mpira na kuvuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Deo akainama akalitikisa. Halikucheza.

"Mpira huu unapanda na mikungu mlima wote wa kanisani," Sebastiani alisema. "Umeshika, kaka."

"Utatufikisha," Deo akajibu.

Kwenye baiskeli mpira hauna kosa. Lakini baiskeli haina ekzosi. Lile bomba la moshi, lenye moto mkali, lilipita karibu kabisa na pale alipofunga, na hakuna aliyeliwaza. Mama alikuwa anavuja damu.

Siku zile msitu wa Biharamulo haukupitwa na gari moja peke yake. Silaha za vita vya jirani zilikuwa zimeingia mikononi mwa majambazi, hivyo magari yalikusanyika kwenye kizuizi, polisi mbele, polisi nyuma, ndipo msafara uondoke. Sheria ilikuwa moja: gari likiharibika, watu wanahamishiwa magari mengine na msafara unaendelea. Lenyewe linabaki.

Katikati ya msitu tukapata pancha.

Deo akashuka, akainama chini ya gari. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Halipo."

Polisi walikuwa tayari wanamwinua mama na godoro lake kumpakia kwenye lori la mahindi. Wageni nao wakahamishwa. Askari mmoja akamwamuru Deo apande.

"Limedondoka hapo nyuma tu, afande. Nitalipata, nitapanda na msafara unaofuata."

"Deo," mama akasema, "achana na gari."

"Mama, bila gari nitakurudisha na nini?"

Alikuwa anacheka. Lori likaondoka. Nilimwona anarudi nyuma kwa miguu, pembeni mwa barabara, jeki bado mkononi.

Kesho yake nilikuwa nje ya hospitali nafua shuka za mama. Lori la msafara uliofuata likasimama, dereva nisiyemjua akashusha tairi, akauliza kama kuna watu wa pikapu kutoka Nyakisasa. Alikuwa ameliokota kwenye mteremko, mbali sana na pale tulipomwacha Deo. Kipande cha mpira kilikuwa kimenata kwenye rimu, kimeungua. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi sana, nikazunguka nyuma ya lori kumtazama Deo akishuka.

Polisi walimleta jioni. Walikuwa wamemfunika kwa turubai.

Mama alipona, akatembea kwa fimbo, akaishi miaka mingi na kufia kitandani kwake. Huwa nayaweka hayo mawili pamoja, uhai wake na kifo cha Deo, nikijaribu kuona kama moja linalipa jingine. Halilipi. Nilimpenda mama, na bado naona tulipunjwa.

Kwenye matanga nilimwambia Sebastiani kwamba Deo mwenyewe alilitikisa akaridhika. Alinisikiliza, akashukuru, na haikumsaidia kitu. Mpaka leo hafungi ndizi kwa mpira. Anafunga kwa kamba ya katani, mzigo unamwangukia njiani, na vijana wasiojua wanamcheka.

Tairi lenyewe lilichakaa, ikabaki rimu. Mama aliitoa iwe kengele ya kanisa letu dogo la kigango, na Sebastiani akaomba aitundike yeye. Aliitundika kwa mnyororo na bolti nene. Kila Jumapili ndiye anayeigonga. Lakini kwanza anaweka chini kile chuma cha kugongea, anaishika rimu kwa mikono miwili, anaitikisa. Haichezi. Haijacheza hata siku moja. Anaitikisa tena, na sisi tuliomzika Deo tunasimama nje tunangoja amalize.