Jiwe la Mama Mkubwa Kwenye Kisomo

Enzi zetu pale Kariakoo, foleni ya sukari ilipangwa kwa mawe. Alfajiri unatumwa duka la ushirika, unaweka jiwe lako nyuma ya mawe ya wenzio, unarudi kucheza rede. Kila jiwe lilijulikana mwenyewe. La kwetu lilikuwa jeupe, limemeguka pembe moja. Ila mlango ukifunguliwa na mwenye jiwe hayupo, jiwe linapigwa teke mtaroni, na hakuna wa kumlalamikia.

Sasa sikieni visa vya Mama Mkubwa, dada yake mama, tuliyekaa naye nyumba moja Mtaa wa Mchikichi. Wanawake wa mtaa walikuwa mbioni kufungua duka lao wenyewe, na muuzaji waliyemtaka ni yeye. Hesabu alikuwa nazo kichwani na mdomo hakukosa. Naye alilitaka duka hilo, jamani! Akichambua mchele ni mizani yake, kaunta yake, na khanga atakayovaa siku ya kwanza. Kasoro ilikuwa moja: hakujua kusoma. Wakamwambia aende kisomo cha watu wazima, shule ya jirani, kila alasiri, na asipojua kusoma duka likifunguliwa watamweka mwingine.

Alienda? Thubutu! Leo mguu, kesho wingu, keshokutwa mihogo haijakaangwa. "Nitaanza Jumatatu." Jumatatu ikifika, anasema haina baraka. Siku moja akaniita: "Chukua lile jiwe, kaniwekee dawati la mbele. Waambie nakuja." Nikadhani utani. Kumbe ndiyo ikawa kazi yangu ya kila siku! Wenzangu wako kwenye rede, kachori za mama wa Kihindi wa nyumba ya pili zinanukia mtaa mzima, mimi nimekumbatia jiwe naenda nalo shule. Nikirudi namkuta barazani kanyoosha miguu, ananiuliza kama nafasi ipo. Ipo, Mama Mkubwa. "Basi, haraka ya nini?" Nilitamani kulia kwa hasira.

Mama alinidokeza kwamba si uvivu, dada yake anaogopa kuchekwa. Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Mtu anayegombana na wapagazi wa soko zima, anaogopa chaki!

Aliyefundisha alikuwa Mwalimu Rehema, binti mdogo wa kutoka Lindi, na foleni za mawe alizijua kama sisi. Alasiri moja nilipoliweka jiwe, akalisogelea: "Haya mama, tusomee hii herufi." Jiwe kimya. Darasa likavunjika mbavu. Akanigeukia. "Mwambie mwenye jiwe, hapa mlango umeshafunguliwa. Kesho nalipiga teke."

Nikafikisha ujumbe neno kwa neno, tena kwa raha zangu. Mama Mkubwa aliruka. "Jiwe langu? Lipigwe teke na mimi ni mzima?" Akajifunga khanga kiunoni, akatoka kwenda kugombana, mimi nyuma mbio. Akaingia darasani anahema.

"Shikamoo, mama," Mwalimu Rehema akawahi.

Shikamoo haikataliwi. "Marahaba," akaitikia, na hasira ikapungua nusu. Mwalimu akaliondoa jiwe kwenye dawati, akampa chaki na kibao. Wanawake wakasogea kumpisha, wala hakuna aliyecheka. Akakaa. Akaandika a iliyolala chali kama mende. Akaitazama weee! Kesho yake alifika kabla ya mwalimu.

Duka alilipata. Bado namwona na miwani yake puani, anasoma majina ya wateja kwa sauti, taratibu, na ole wako umharakishe.

Sasa nina kijana wangu hapa, fundi seremala mzuri kweli, mwaka nenda mwaka rudi anataka kufungua karakana yake. Muulize. "Mama, niko kwenye mchakato." Mchakato! Anashinda kwenye simu akitazama watu wanaomhimiza aanze, akimaliza anatafuta wengine. Sisi sukari tuliitafuta kwa mawe. Hawa wao sukari imejaa hadi duka la mlangoni, na Jumatatu yao ni ile ile ya Mama Mkubwa. Siku zile angalau kulikuwa na mtu wa kukupigia jiwe teke.

Jana nililichukua lile jiwe jeupe, ninaloegemezea mlango, nikaliweka juu ya simu yake.

"Mama, hili jiwe la nini?"

"Hili lilienda kisomo badala ya bibi yako," nikamwambia. "Mpaka leo halijui kusoma."