Anayeitika Kabla Yangu

Jina langu la ukoo likiitwa, kuna mtu huitika kabla yangu.

Cheka tu. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza, kiwandani tunakoshona sare. Msimamizi akaita, "Sipotei!" Kabla sijafungua mdomo, nyuma yangu kisauti cha mtoto kikasema, "Nipo!"

Nikageuka. Marobota ya vitambaa tu.

"Unadeka na utu uzima huo?" msimamizi akaniuliza. Wenzangu wakaangua kicheko.

Kumbe na wao wamesikia!

Ikawa hivyo kliniki, ikawa hivyo benki. Siku ya benki nilimkemea mbele za watu: "Nyamaza, shetani we!" Walinitazama kama kichaa, haki ya nani.

Sasa mwanangu alikuwa anaanza shule Jumatatu. Nikaapa kiumbe huyo hamfuati mwanangu darasani. Jina nabadilisha, liwalo na liwe.

Nikaenda kumwambia shangazi, aliyebaki peke yake katika watoto wa babu. Nilijua atanifokea. Wapi! Aliacha kukunja nguo, akanishika mkono.

"Sauti yake ikoje, mwanangu? Bado ya kitoto?"

"Shangazi, unamjua?"

"Ni dada yangu."

Mtaani walizoea kututania, eti ukoo wa Si. Shangazi akanieleza kwamba zamani majina yanayoanza na Si yalikuwa majibu. Majirani wakikusema, unawajibu kwa jina la mtoto. Ndiyo maana kuna kina Sijali na kina Sikubali. Bibi alikuwa amepoteza watoto, na watu wakanong'ona kwamba hata huyu binti mchanga atapotea. Babu akamwita Sipotei.

"Akapotelea sokoni," shangazi akasema. "Baba alimwachia mkono ajitwishe gunia, basi. Alimwita mpaka sauti ikamkauka. Ndipo akatupatia sote jina lake, likawa la ukoo. Akasema, 'Mimi nitakufa. Lakini nyinyi mkiitwa, na yeye ataitwa. Siku moja atasikia.'"

Jamani, nililia. Mtoto wa watu anaitika, mimi namwita shetani.

Jina sikubadilisha. Jumatatu nilisimama dirishani mwa darasa, roho juu. Mwalimu akaita, "Sipotei!"

"Nipo!" kile kisauti kikatangulia.

"Nipo!" akafuata mwanangu. Kisha akasogea pembeni ya dawati, akapisha nafasi ya mtu mmoja.

Ndugu yangu, kabla hujalitupa jina la ukoo wako, uliza kwanza ni nani bado anatafutwa kwa jina hilo.