Walimsusa, Kisha Wakamsifu

Jirani yangu amefariki hapa Bunia wiki hii, mjane aliyeuza vitambaa sokoni, Muislamu tangu kuzaliwa. Kabla ya adhuhuri ua wake ulikuwa umejaa waumini ambao kwa miaka walipita langoni pake wakigeuza shingo. Mimi nilisali naye msikiti mmoja, kwa hiyo msomaji asidhani nawasema watu wa nje. Nawasema wa kwetu.

Walimsusa tangu vita ilipowafukuza watu wa Djugu, kaskazini ya mji wetu, naye akafungulia familia za Kikristo nyumba yake. Mkulima mmoja kutoka upande wa Kpandroma, huko huko Djugu, alijifungulia kwenye kitanda cha mwenye nyumba, mwenye nyumba akalala kwenye mkeka. Jumapili wageni waliimba uani nyimbo za kanisa. Siku moja nilikuwa nikinywa chai kwake walipofika wazee wetu, wakiongozwa na alhaji mwenye depo ya saruji na nyumba ya ghorofa anayoishi karibu peke yake. Alikataa kukaa, eti kiti huenda kimekaliwa na mla nguruwe.

"Mama, siye tunakuheshimu," alisema, "lakini hii parsele yako, nyumba na kiwanja yote, sasa iko kanisa. Muislamu hawezi kuacha batu baimbe hivi mu nyumba yake."

"Sawa, Alhaji," mama akajibu taratibu. "Weye uko na nyumba kubwa. Ubabebe leo, baende kwako, baimbe kimya."

Alhaji alikohoa, akatazama saa yake, akakumbuka ghafla kwamba ana mgeni. Ijumaa iliyofuata alitangaza kwamba mama ameritadi. Idi ilipofika hakuna Muislamu aliyemgongea mlango isipokuwa mimi. Nilimkuta akipakulia pilau wageni wake wa Djugu, macho yamemvimba kwa kilio alichokuwa amekificha jikoni. Hakuacha hata swala moja. Hakumwomba mtu yeyote radhi.

Sasa amekufa, hawezi tena kujibu, na amekuwa mtakatifu. Kabla jeneza halijatolewa Alhaji alisimama, akafuta jicho lililokuwa kavu, akamwita nguzo ya Uislamu. Waliomsusa wakaitikia amina kwa sauti kubwa. Katikati ya hotuba aliingia yule mkulima wa Kpandroma, ametoka kwa miguu kambi ya wakimbizi alikohamia baadaye, analia. Alhaji akamzuia kwa mkono.

"Mama, hii iko kilio ya Baislamu. Weye uko nani wa marehemu?"

"Mimi niko mutu wake," akasema. "Na weye?"

Mwanamke akampita, akaketi mbele kabisa, karibu na jeneza, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Tunafundishwa tangu utotoni kwamba kuwa Muislamu ni kujisalimisha kwa Mungu. Wapo waliomkabidhi Mungu nyumba pamoja na funguo zake. Na wapo wanaompelekea salamu za Ijumaa tu, kisha wanakwenda kuwapima wengine imani.