Jinsi Nilivyoufuta Ufuo Mzima wa Omena

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi ndogo ya uvuvi Homa Bay, na nilijiona mtu muhimu kuliko ziwa lenyewe. Kompyuta ilikuwa moja, na ndani yake mlikuwa na lugha ya programu ya kukokotoa takwimu, iliyojua kila kitu isipokuwa haraka. Ukiipa daftari za uvuvi kutoka Karungu hadi Kendu Bay, ungekwenda kunywa chai na mandazi, urudi uikute bado inawaza. Stima ikipotea, unaanza upya.

Nikajitapa kwa bosi kwamba dawa ninayo. Nilikuwa nimesoma kitabu kimoja cha C, lugha nyingine ya kompyuta yenye kasi, tena nusu. Nikaiandika ile hesabu nzito kwa C, nikaitafsiri iwe lugha ya mashine, kisha nikaiita kutoka ndani ya lugha ya takwimu, kama mkulima aliyechoka na jembe anavyoita trekta. Jibu lilitoka kabla sijainua kikombe. Nilimwonyesha kila mtu ofisini, hata mlinzi, ambaye alinipongeza bila kujua kwa nini.

Wiki hiyo tulikuwa tunachagua, kwa wingi wa samaki, fuo zitakazopewa chanja za kuanikia omena, dagaa wetu wa ziwani. Akina mama walikuwa wakianika chini, na mvua ikinyesha, kazi yote imeoza. Wawakilishi wao wakaitwa wasikie orodha kabla barua ya kuagiza chanja haijatiwa sahihi. Niliisoma mwenyewe, kwa sauti ya mhubiri. Ufuo wa kwanza: sifuri.

Mama mmoja akasimama. Ule ulikuwa ufuo wake, na mimi nilikuwa mteja wake wa kila Ijumaa; hakukosa kunipa nyongeza juu ya kila mkebe wa gorogoro alionipimia.

"Omera, ndugu yangu, sifuri namna gani? Si juzi umebeba gorogoro mbili kutoka kwangu? Sasa hiyo umekula ni nini?"

Watu wakaangua kicheko. Bosi akanigeukia. "Tuamini nani, huyu mama ama mashine yako?"

Na mimi, omena wake wakiwa bado jikoni kwangu, nikajibu, "Mashine haidanganyi, mzee. Mwamba ngoma huvutia kwake."

Naona aibu hadi leo. Yule mama aliketi, akaikunja leso yake.

Bosi, ambaye hakutuamini sote wawili, akaagiza daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa ufuo ule, umejaa samaki tele, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nikarudi kwenye kompyuta jasho likinitoka. Lugha ya takwimu huanza kuhesabu na moja, lakini C huanza na sifuri. Mimi nilikuwa nimeiambia C ianze na moja, nayo ikauruka ufuo wa kwanza bila kunung'unika, ikauacha na sifuri. Nikabadilisha tarakimu moja tu, na ufuo wake ukaingia kwenye barua. Bosi akanisimamisha nieleze kosa langu mbele ya wote, polepole, mara mbili.

Chanja zilifika kabla ya mvua. Ijumaa hiyo nilikwenda sokoni na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Mama hakunipa nafasi. Alijaza gorogoro, akaimimina ndani ya mfuko wangu wa sokoni, akasema, "Sifuri." Akajaza ya pili. "Moja." Kisha akanyoosha mkono.

"Lipa mbili, nyathina, mwanangu."

Nikalipa mbili. Nyongeza hakunipa, nami sikuthubutu kuiomba.