Mke Mdogo wa Maanu

Amashi alihamia chumba kilichopakana na changu siku ya mvua, jiwe la kusagia kichwani, na hakuna hata mtu mmoja wa nyumba ya Maanu aliyemsindikiza. Nilikasirika, nikamvuta ndani kabla hajautua mzigo. Hapa Edesa hata punda akiuzwa husindikizwa mpaka langoni.

Zamani alikuwa mke wa Zabdai, mchambua sufu. Zabdai alikufa kwa homa kabla hawajapata mtoto, na kwa desturi yetu kaka yake, Maanu, akamrithi mjane. Maanu alikuwa tayari na mke, Batnika, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya mto. Majirani tukakaa tayari kutazama vita. Wake wenza, tena jiko moja! Tulingoja tukachoka. Batnika alikuwa hodari wa sufu lakini mkate wake uliungua huku, ukabaki mbichi kule; Amashi alikuwa na mkono wa kuoka lakini uzi ulimshinda. Wakagawana kazi, na jioni wakawa wanakaa pamoja kwenye tanuri la mtaa wakicheka mambo yasiyochekesha.

"Mume wetu leo amenuna," Batnika angesema.

"Mpe mkate uliooka wewe, dada, angalau anune kwa sababu."

Tanuri lile tulilitumia wote, kwa hiyo kila mwanamke alitia alama kwenye donge lake ili mikate isichanganyike. Alama ya Amashi ilikuwa kidole gumba, katikati kabisa. Batnika alikuwa akiumega pale penye kidole kwanza, mkate ukiwa moto bado, na Amashi akimpiga kofi la mkono kila siku.

Habari za Kristo aliziingiza Amashi nyumbani. Alizisikia mtoni kwa wanawake waliokuwa wakiosha sufu, akamweleza Batnika, na wote wawili wakamwandama Maanu mpaka akakubali kwenda kusikiliza. Tulikuwa tukikutana kwa Mzee Barhadad, mshona viatu, ambaye ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa letu. Wasiobatizwa walikaa kusikiliza mafundisho. Yakiisha walitoka, mlango ukafungwa, na sisi tuliobatizwa tukabaki kuumega mkate.

Siku moja Barhadad akafundisha habari za ndoa. "Adamu alipewa Hawa," akasema. "Hakupewa Hawa na mdogo wake Hawa. Mume mmoja, mke mmoja."

Hakuna aliyeitikia kwa kichwa kama Amashi. Akampiga Batnika kiwiko. "Umesikia? Wakawaambie wale wa mtaa wa juu, wenye mwanamke kila chumba!"

Batnika akacheka mpaka Barhadad akamkazia macho. Si wao tu. Nami sikudhani kuwa neno lile lingetugusa sisi. Mjane aliyerithiwa, jamani, kwetu huo ni wema, mwanamke asitupwe. Tulidhani wanasemwa wenye tamaa.

Siku za ubatizo zilipokaribia, Barhadad akamwita Maanu. Alikuwa mtu mpole, na najua neno halikumtoka kwa raha, lakini alilisema: Maanu ataingia majini akiwa na mke mmoja, yule wa kwanza. Amashi naye ataweza kubatizwa, ila kwanza aahidi kukaa peke yake mpaka kufa, kwa kuwa ameshakuwa na waume wawili na inatosha.

"Nitafikiri," Amashi akasema. Ndipo akabeba jiwe lake la kusagia akaja kwangu.

Maanu hakumwacha afe njaa. Alimletea ngano kila mara, ila aliiacha mlangoni kwangu kama mtu anayelisha paka wa jirani. Akamkataza Batnika kukanyaga huku, watu wasije wakasema Maanu ana nyumba mbili bado. Maanu na Batnika wakabatizwa, na kila Jumapili wale wanawake wawili walikutana kwa Barhadad, wakaamkiana kwa mbali, "salama?" "salama," mume akiwatazama. Kisha mafundisho yakaisha, Batnika akabaki ndani na Amashi akatoka.

Na mkate uliokuwa mezani ulikuwa wake! Barhadad alimwomba aendelee kuuoka, maana hakuna aliyemfikia. Kuna walionung'unika kwamba mwokaji hajabatizwa. "Hata ngano haijabatizwa," Barhadad akawajibu, wakanyamaza. Basi Amashi aliuoka, akauleta umefunikwa kitambaa, akauweka, akatoka nje kukaa kwenye ngazi. Mvua ikinyesha alikaa hapohapo.

Mimi nimo katika kundi la wajane. Nilikuwa na mume mmoja tu, naye alinitosha. Kwa hiyo nilikuwa ndani, na kila Jumapili nikitoka aliniuliza, "Mama Gaya, wamekula?"

"Wamekula."

"Batnika amepata penye kidole?"

"Anawasukuma watu kama mbuzi aliyeona majani. Amepata."

Hapo angetabasamu. Angeuliza tena kama Batnika anakohoa bado, kama ana shuka nzito, nani anayemchotea maji. Nami nilimwona mjanja: nikadhani anazungukia kwa mke ili afike kwa mume.

Jioni kupitia ukutani nilimsikia akipanga bakuli. Bakuli moja halina haja ya kugongana na kitu, lakini yake yaligongana. Nikachungulia siku moja nikakuta ameweka mawili, lake na jingine tupu. Uchungu ulinishika, na uchungu ukinishika mimi huwa mkali.

"Mwanangu, mwanamume yule si wako tena. Ahidi, ingia majini, uje ndani tule pamoja. Unanyeshewa kwa ajili ya nini?"

"Bado, mama. Nikishaahidi nimejifungia mlango mwenyewe. Na mimi nataka kurudi nyumba ile."

"Na kama hurudi?"

"Basi niko kwenye ngazi."

Baridi ya mwaka uliofuata ilimwua Batnika. Kifua kilimbana, na Maanu hakuleta habari huku, kwa kuogopa watu. Amashi alijua aliposikia kilio mtaani. Kwetu mke mwenza hukaa kichwani pa maiti. Yeye alisimama nyuma, katikati ya wauza vitunguu, kama mtu aliyepita njia tu, na hakulia. Akarudi akawasha tanuri, akaoka mikate ya waombolezaji wote. Watu wakala wakasifu. Mikate ile haikuwa na kidole. Niliiona yote nikipanga kwenye sinia, laini katikati, na hakuna aliyeuliza.

Matanga yalipokwisha wanawake wakaanza kunisimamisha njiani. Sasa je, mama Gaya? Mke mmoja amekufa, si nafasi ipo? Nami nikasema ipo, tena nilifurahi, Mungu anisamehe, nikaona ile ngano ya mlangoni sasa itapata mwenyewe.

Maanu alikuja mchana, amenyoa, kofia mkononi. Nilisikiliza ukutani, sina haja ya kuficha, ukuta ni wangu pia.

"Amashi," akasema, "rudi nyumbani. Barhadad ameruhusu. Kwa kununa, lakini ameruhusu. Sasa itakuwa mume mmoja na mke mmoja, hakuna wa kutusema."

 Nikamsikia Amashi akiuliza, "Chumba cha sufu kikoje?"

"Nimekifunga."

"Uzi wake?"

"Umo mlemle kwenye kijiti. Sikuugusa."

"Na mkate unakula wapi?"

"Nanunua." Akakohoa kidogo. "Nyumba imepoa, Amashi. Nakuomba."

"Shemeji," akasema Amashi. Neno hilo hakuwa amelitumia tangu aliporithiwa. "Shemeji, nirudi kwa nani?"

"Kwangu. Kwa nani mwingine?"

Ndipo akalia. Kilio alichokizuia kwenye msiba kikatoka chote, na maneno yake niliyasikia kwa shida. "Wewe ulinitunza, sikatai. Hukunipiga, hukuninyima. Lakini mimi nilikuwa namngoja Batnika."

 Nilisikia hatua za Maanu zikienda, polepole, mpaka kwenye kona. Nami nikakaa chini palepale nilipokuwa, nikayakumbuka maswali yote ya ngazini, la shuka, la maji, la kikohozi. Hata mara moja hakuwa ameniuliza Maanu amekula nini.

Pasaka hiyo alibatizwa. Wanawake tulizunguka birika la ubatizo uani kwa Barhadad, mimi nikiwa nimeshika mafuta ya kumpaka, na Barhadad amesimama nyuma ya pazia akiuliza maswali.

"Amashi, unaahidi kukaa peke yako mpaka kufa?"

"Hilo nimeshalizoea, mzee. Niulize jingine."

Hakuna aliyecheka. Batnika tu ndiye angecheka.

Tulimvika nguo nyeupe, tukaingia naye, mlango ukafungwa nyuma yake. Mkate ulikuwa mezani, ameuoka mwenyewe alfajiri, na katikati kidole gumba kilikuwa kimerudi. Barhadad alipoumega akampa yeye kipande kile. Amashi aligeuka akatazama mahali Batnika alipokuwa akisimama, karibu na dirisha, ambapo sasa alisimama msichana wa mfinyanzi. Akakimega kipande chake sehemu mbili. Nusu akala. Nusu nyingine akaifunga kwenye upindo wa mtandio wake, akaenda nayo nyumbani.