Hasi Moja ya Zaituni

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1971, Mkuu wa Shule pale Arua alinikabidhi boksi la chaki na kichupa cha pamanganeti, zile chembe za zambarau ambazo mama zetu walioshea mboga. "Mwalimu, maabara yako iko hii," akasema, akacheka. Nikamshukuru. Kijana hushukuru hata akidhihakiwa.

Nilifundisha namba ya oksidesheni, yaani hesabu ya elektroni ambazo atomu imetoa au imepokea: iliyotoa huandikiwa chanya, iliyopokea hasi. Nilikoroga chembe moja ndani ya glasi ya maji, kisha tukahesabu atomu zilizomo ndani yake. Potasiamu ni chanya moja, oksijeni nne ni hasi mbili kila moja, na jumla lazima iwe sifuri. Manganizi je? "Chanya saba!" Watoto waliotembea kutoka Logiri bila chai walipiga kelele hizo mpaka madirisha yakatetemeka. Kazi ilikuwa tamu, sitakataa.

Mwaka 1974 nikahamishiwa Koboko. Mkuu wa Shule wa huko alitoka jeshini moja kwa moja, na kemia aliijua kama mimi ninavyojua kuendesha kifaru. Kila asubuhi aliwapanga wanafunzi mistari waitikie kanuni kama amri za gwaride. "Oksijeni!" "Hasi mbili!" "Siku zote?" "Siku zote!" Nilimweleza kuwa si siku zote.

"Mwalimu," akanijibu, "askari hapana fundishwa 'labda'."

Nikaacha. Hata leo neno hilo linanichoma: nikaacha!

Darasani nilisema ukweli, kwa sauti ya chini. Aliyeushika haraka alikuwa Zaituni, binti wa fundi cherehani Mnubi. Nilipowapa hidrojeni peroksaidi, ile dawa ya povu ya kuoshea vidonda, alihesabu kwa vidole: hidrojeni mbili, chanya mbili; oksijeni nazo mbili, basi zinagawana hasi mbili. Kila moja hasi moja.

Ikaja nafasi moja tu ya kusomea ufundi wa maabara ya hospitali. Baba yake alikwisha kumshonea sare. Mkuu akaamua kuwahoji walioiomba yeye mwenyewe, mbele ya shule nzima, na swali la mwisho la Zaituni likawa hilohilo: oksijeni ya dawa ya povu.

"Hasi moja, bwana."

Mistari yote ikaangua kicheko. Mkuu akanigeukia. "Mwalimu, mutoto hii iko sawa?"

Enzi zile za utawala wa jeshi, mwalimu aliyembishia mkubwa hadharani aliweza kukosekana kesho yake, na hakuna aliyeuliza. Ninalijua hilo. Pia ninajua nilichosema, tena kwa sauti ya kusikika.

"Kanuni ni hasi mbili, bwana."

Nafasi akapewa mvulana aliyeitikia gwaride kwa nguvu kuliko wote. Zaituni hakulia. Alinitazama tu, akarudi kwenye mstari wake.

Mwaka 1979 vita vilitutawanya, nikavuka mpaka kuingia Kongo, na chaki sikuishika tena. Siku hizi vijana hunisimamisha njiani kusifu walimu wa zamani, eti tulikuwa na msimamo. Msimamo gani? Mjinga mwenye cheo aliuliza, na mimi mwenye elimu nikamjibu uongo! Yule simsamehe, na mimi mwenyewe ndiyo kabisa.

Juzi jembe lilinikata mguu shambani Ludara, huku karibu na Koboko nilikorudi baada ya vita, nikapelekwa zahanati. Mama mmoja aliyekuwa akifagia akaweka ufagio kando, akachukua chupa, akamimina dawa kwenye kidonda. Povu likapanda. Nilimtambua kwa macho yake.

"Mwalimu," Zaituni akasema, bila kuinua kichwa, "oksijeni hapa iko ngapi?"

"Hasi moja, mwanangu."

Akanifunga bendeji taratibu, akalikaza fundo.

"Leo hakuna mutu anasikia," akasema, akachukua ufagio wake.