Nilimfukiza Mama Mkwe kwa Moshi wa Pilipili

Kosa ni langu peke yangu, tena msinitafutie wa kugawana naye. Shetani hakuwepo siku ile. Alikuwa na kazi zake kwingine, na hata angekuja angekuta nimeshamaliza.

Mimi ni Mmatengo wa huku milimani Mbinga. Mume wangu ni Mnyasa wa kule ziwani. Tulioana miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena, kila mwenye chumba cha mbele anafungua duka, na sisi wake wa kisasa tukapata wazimu wa makopo. Mimi nikanunua kopo la pilipili ya unga, lina maandishi ya nchi nisiyoijua na picha ya mwanamke anayecheka. Nikaliweka kwenye kabati la vioo sebuleni, pamoja na glasi za wageni. Maendeleo hayo!

Mimba yangu ya kwanza ilipokuwa kubwa, mama mkwe akapanda kutoka ziwani kuja kunisubiri nijifungue. Mama yangu mzazi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo huyu ndiye angenipokelea mtoto, angenikanda, angenipikia uji. Mwanamke mwingine angepiga magoti kushukuru. Mimi nikanuna.

Nilinuna kwa sababu ya pilipili. Siku aliyofika tu alichoma pilipili mbichi kwenye makaa mpaka ngozi ikababuka, akazitwanga na chumvi na usipa, wale dagaa wa ziwani kwao, wa kukaanga. Mume wangu alikula mpaka jasho likamtoka puani.

"Hii sasa ndiyo pilipili!" akasema. "Lile kopo lako, mke wangu, lisitoke kabatini."

Lisitoke kabatini! Mama Kandida, jirani yetu, naye akaanza kuja na kibakuli kila mchana, eti anapita tu. Kupita gani huko na kibakuli mkononi?

Sasa, mama mkwe alikuwa na kifua kibovu. Aliniambia mwenyewe, kwa kuniamini. "Mwanangu, pilipili kavu mimi nazikaangia uani. Moshi wake ukinikuta ndani, sipumui."

Asante kwa taarifa, Mama!

Asubuhi iliyofuata nikamwaga pilipili kavu kwenye kikaango kitupu, nikachochea moto, nikafunga dirisha la jikoni. Chumba alicholala kilitokea jikoni, na mlango wake nikauacha wazi. Halafu nikatoka zangu kwenda kuchuma mboga, nikavuta mlango wa nje nyuma yangu. Nibaki mle ndani, kwani mimi mjinga?

Alitoka anakohoa, machozi yanamtiririka, kanga inaburuzika. "Jamani Mama, pole! Najifunza pilipili yako," nikamwambia. Mwanafunzi mwenye bidii kama mimi hamjapata kumwona. Nikajifunza na kesho yake, na keshokutwa. Yeye akawa anashinda nje kwenye ubaridi wa huku kwetu, kajifunika koti la mwanawe, manyunyu yanamlowesha.

Siku ya mwisho alikohoa mpaka akashika ukuta. Nami, nisiwafiche, niliona raha. Raha kabisa! Mungu anisamehe.

Jioni ile alimwambia mwanawe kuwa baridi ya milimani imemshinda. Mimi hakunisema hata kidogo. Tukamsindikiza kwenye lori lililokuwa linashuka ziwani, na kabla ya kupanda akanishika mkono, mume wangu anasikia.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "pilipili hukaangwa mlango ukiwa wazi."

"Umesikia, mke wangu?" mume wangu akadakia, anatabasamu. "Mapishi hayo, shika!"

Nilishika. Nimeshika mpaka leo.

Nikajifungua mtoto wa kike bila mama wa kunishika mgongo. Mama Kandida aliahidi kuja kumwogesha mtoto akipata nafasi, na nafasi mara nyingi hakuipata. Kumbe pilipili ilipoisha na ujirani uliisha! Uji nikakoroga mwenyewe, kiuno kinakatika, yule mwanamke wa kwenye kopo ananicheka toka kabatini. Siku moja nikalifungua, nikaonja. Vumbi jekundu!

Mtoto alipoanza kukaa tukashuka ziwani. Safari nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu, karibu sana." Akampokea mjukuu, akamwimbia, akacheka naye. Nikaona moto umewaka jikoni kwake, nikavua viatu nikamsaidie. Si mnajua, mke wa mwana akifika ukweni anakwenda jikoni, na hapo ndipo watu wanajua huyu ni wa nyumba hii.

Akanizuia mlangoni. "Hapana, mwanangu. Kaa hapo kivulini. Huku ndani kuna moshi."

Mlango wa jiko ulikuwa wazi, upepo wa ziwa unapita, na moshi haukuwepo hata wa dawa. Akaniletea kiti cha wageni na maji ya kunawa. Nikanawa, nikakaa, na ile radhi niliyoipanga safari nzima sikuiomba.

Yule mtoto sasa anasoma shule, na kila likizo tukishuka anakimbilia jikoni kwa bibi yake kutwanga pilipili. Mimi niko kitini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jamani, hilo jembe nalililia! Nipewe basi hata mwiko wa kukorogea maji! Nimewahi kuinuka nishike ndoo, akaipokea kwa adabu zote. "Utachoka, mgeni wetu."

Na mume wangu, masikini, ana furaha yake. Sijamwambia. Anawatangazia watu kuwa hakuna mke anayependwa na mama mkwe kama mimi. "Hata jivu hataki aguse! Mama anamdekeza huyu!"

Basi wake wenzangu mnaobanwa na mama wakwe, karibuni kwenye chuo changu. Fungeni dirisha, chocheeni moto. Atatoka, nawahakikishia. Ila siku ukitaka kuingia kwake, utaletewa kiti. Changu likizo hii nimekikuta kina kitambaa kizuri cha kufuma. Amenifumia mwenyewe.